Kabla ya jiogridi, angalia mtaro

Kijana unayeripoti saiti kwa mara ya kwanza, najua macho yako yatakimbilia yale marobota meusi ya jiogridi, ule wavu wa plastiki unaotandazwa chini ya mawe ya barabara. Anzia mtaroni kwanza. Barabara nyingi nilizofukua hazikuchoshwa na magari peke yake: ukichimba pembeni unakuta tabaka la chini limelowa, mtaro umejaa taka, kalvati limeziba. Wavu haukaushi udongo.

Kazi yake ni kubana mawe yasitambae. Kokoto huingia kwenye matundu, zikashikana, na mzigo wa tairi ukasambaa juu ya udongo dhaifu. Kwa hiyo ugomvi wako mkubwa utakuwa saizi ya kokoto. Tundu la milimita 40 halishiki vumbi, wala halishiki bonge la lami kama ngumi.

Sisi tuliumia hapo, kwenye barabara moja iliyokaa juu ya udongo mweusi wa mbuga. Lami kuukuu tuliikwangua vizuri ili tuitumie tena kama mawe juu ya wavu, kisha tukairundika juani wiki kadhaa. Chengachenga zikapata joto, zikagandamana upya kuwa mabonge, nasi tukazimwaga hivyo hivyo bila kuchekecha. Rola likapita, juu pakapendeza. Masika hayajaisha, barabara ikaanza kubonyea kwenye njia za matairi. Tulipofunua, wavu ulikuwa mzima kabisa. Mawe yamekaa juu yake kama wageni walioachwa barazani.

Basi chekecha siku ya kutumia, si siku ya kukwangua, na uchanganye na kokoto mpaka saizi zote ziwemo. Maabara nako kuna mtego: sampuli yenye lami usiikaushe kwa nyuzi 105 kama udongo wa kawaida, maana lami inalainika na majibu yanakudanganya. Mimi huikausha kwa nyuzi 40 hadi 60. Inachelewesha, ndiyo.

Wavu uvutwe ukaze, upigiliwe vigingi. Mapandano, yaani pale vipande viwili vya wavu vinapolaliana, yawe sentimita 30 udongo ukiwa na nguvu kidogo, hadi 90 penye tope, na ncha ya wavu uliotangulia ikae juu ya unaofuata ili kifusi kinaposukumwa kisiifunue. Mashine ya minyororo isikanyage kabla ya sentimita 15 za kifusi. Dereva wa tipa atakuomba apite juu ya wavu mara moja tu. Mkatalie, amwage pale kifusi kilipoishia, greda lisukume mbele.