Sukari haishuki? Kagua kichupa cha insulini kabla ya kuongeza dozi

Ndugu uliyeuliza kwa nini sukari ya mama inacheza kwenye 18 (mmol/L) tangu mrudi safari, wakati uniti za insulini ni zilezile na chakula ni kilekile: kabla hujamwongezea hata uniti moja, kitoe kichupa chake ukitazame kwenye mwanga. Mimi nilikosea hapohapo.

Nina kisukari aina ya kwanza, huu mwaka wa 11. Januari moja nilipanda basi Dodoma kwenda Tanga, insulini iko mfuko wa pembeni wa begi, begi liko dirishani, na jua likawa upande wetu karibu safari nzima. Siku ya tatu kipimo kikasoma 19, kesho yake 22. Nikalaumu wali wa nazi, nikalaumu mashine, nikafungua stripu mpya za kupimia. Kisha nikapandisha dozi ya asubuhi kutoka uniti 18 hadi 26, siku nne, bila kumuuliza mtu. Kiu haikuisha, na usiku nilikuwa naamka mara tano kwenda haja ndogo.

Nesi wa kliniki ndiye aliyeomba kuona kichupa. Natumia ile nyeupe ya mchanganyiko, ambayo ukiizungusha taratibu viganjani inapaswa kulingana yote kama maziwa. Yangu ilibaki na chembe, na kwenye kioo pameshika utando mweupe. Akaniambia, "Hii imekufa, mdogo wangu." Akanipa kichupa kipya, nami sikumwambia kwamba nilishajiongezea dozi. Kesho yake nikachoma 26. Saa nne asubuhi jasho linanitoka, mikono inatetemeka, kipimo 2.9, sukari imeshuka mno. Soda ndiyo iliyoniokoa. Ndiyo maana nakusihi usipandishe dozi juu ya dawa mbovu, maana siku dawa nzima itakapoingia, mama ataanguka.

Insulini ni protini: minyororo miwili yenye amino asidi 51 kwa jumla, iliyoshikanishwa na viungo vya salfa. Joto kali huilegeza, na mtikiso wa barabara pamoja na hewa ya ndani ya kichupa kilichobaki nusu huifanya ishikane ikawa nyuzi. Jua likiipiga moja kwa moja, mwanga na oksijeni navyo huila. Ikishafika hapo hairudi, hata ukiiweka friji mwezi mzima. Na ile insulini isiyo na rangi, angavu kama maji, inaweza kupungua nguvu huku macho yakiiona safi, kwa hiyo sukari ikikaidi baada ya safari kama yenu, itilie shaka tu.

Lakini asije mtu akaacha kuchoma kwa kuwa hana friji. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliofuata joto halisi la nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, Kenya: nyuzi 25 hadi 37, likipanda na kushuka kila siku kwa wiki 4. Insulini haikupoteza zaidi ya asilimia 1 ya nguvu yake, sawa na ile iliyokaa kwenye baridi. Kwa hiyo kivuli cha ndani kinatosha kwa kichupa unachotumia. Cha kuogopa ni dirisha la basi, dashibodi ya gari na bati la jikoni. Na friza pia! Insulini iliyoganda hutupwa, hata ikiyeyuka vizuri.

Dodoma nilikuwa na vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, mchanga mbichi katikati na kitambaa chenye maji juu. Hewa ya kule ni kavu, maji yanakauka haraka na chungu kinapoa kweli. Tanga hewa ni nzito, ubaridi ni kiasi tu, lakini bado ni bora kuliko kabati. Safarini insulini naibeba mapajani, ndani ya chupa ya chai yenye mdomo mpana niliyoisuuza kwa maji baridi na kuikausha. Barafu haigusi kichupa.

Mama apate kichupa kipya leo, na mhudumu aambiwe dozi anayochoma sasa, kama imebadilishwa au la. Akianza kutapika, kupumua kwa haraka, au pumzi ikanuka kama matunda yaliyoiva sana, msisubiri kliniki ya wiki ijayo. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.