Barafu baharini: maswali yenu kuhusu visima vya mafuta

Mlima wa barafu ni mkubwa mno. Wachimba mafuta wa Canada wanahitaji mitambo gani tena kuuona?

Mkubwa hausumbui, rada huunasa ungali mbali. Kasheshe ni vipande vya ukubwa wa nyumba au gari, vinavyopotea katikati ya mawimbi ya Grand Banks, eneo la bahari mashariki mwa kisiwa cha Newfoundland. Ndiyo maana picha za setilaiti, ndege za doria na rada za melini huunganishwa kwenye ramani moja, pamoja na upepo na mkondo, ili ijulikane barafu inaelekea wapi. Aliye mtamboni, nahodha wa meli ya huduma na walio ofisini nchi kavu wote watazame kitu kimoja.

Wakishauona?

Wanaukokota. Meli huuzungushia kamba nene inayoelea, kisha huvuta polepole. Hawajaribu kuusimamisha, kuupindisha njia kidogo kunatosha. Vipande vidogo husukumwa kwa mizinga ya maji. Jukwaa la Hibernia, linalotoa mafuta tangu 1997, limekaa juu ya sakafu ya bahari na lilijengwa kuhimili kugongwa na mlima wa tani milioni 1. Meli ya kuzalisha mafuta kama SeaRose haina ubavu huo. Yenyewe hujichomoa kisimani ikaondoka.

Kwa hiyo hatari imekwisha?

Thubutu! Machi 2017 mlima wa barafu ulifika mita 180 kutoka SeaRose, ndani mna watu 84 na mapipa yapatayo 340,000 ya mafuta ghafi. Wafanyakazi waliambiwa wajiandae kugongwa. Na barafu ilikuwa imeonekana mapema! Mpango wa kampuni yenyewe, Husky Energy, ulitaka meli ijichomoe, nayo haikujichomoa. Januari 2018 mamlaka ya mafuta ya huko iliisimamisha kazi kwa muda. Mimi ningeanza na swali la nani mwenye kauli ya kuondoka, kabla ya kununua rada nyingine.

Na kule ambako bahari yote ni barafu?

Huko hukwepi, unavunja. Mwaka 2004 wanasayansi walichimba karibu na Ncha ya Kaskazini kwa meli tatu: Sovetskiy Soyuz inayoendeshwa kwa nyuklia ikipasua mapande makubwa, Oden ikiyasaga zaidi, na Vidar Viking ikichimba nyuma yao, huku helikopta zikikagua barafu inayokuja. Walifika mita 428 chini ya sakafu ya bahari.