Ubwiriunga si adhabu

Pole sana, dada. Umeuliza kama ubwiriunga, ugonjwa uliokausha maua ya mikorosho yako huko Newala, mwaka uleule uliomzika mama, ni adhabu ya Mungu. Hapana. Ayubu alipopatwa na misiba, marafiki zake walisema hivyohivyo, na Mungu akawakasirikia wao (Ayubu 42:7), si Ayubu aliyelalamika. Walifanya vizuri zile siku saba walipokaa naye chini kimya. Waliharibu walipofungua midomo.

Watu watakutupia Warumi 8:28, kwamba katika mambo yote Mungu huwapatia mema wale wampendao. Wavumilie, ila wewe rudi nyuma hadi mstari wa 26: tusipojua kuomba ipasavyo, Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua. Kilio chako tayari ni sala.

Kisha Habakuki 3:17-18. Mtini hauchanui, mashamba hayatoi chakula, zizi tupu (weka mkorosho hapo, nani atakukataza?), na bado nabii anasema atamfurahia Bwana. Hajaahidiwa kwamba mavuno yatarudi mwakani. Kama furaha hiyo iko mbali mno kwa sasa, sali Zaburi 88, inayoishia gizani kabisa na bado imo kwenye Biblia.

Na salfa msimu ujao pulizia kama kawaida. Ule ni ugonjwa wa kuvu, si laana.