Shika kipanya mwenyewe

Mwisho wa mwaka 2001 baba yangu mdogo, mkulima wa kahawa Mbozi, alinituma mjini Mbeya nikamwangalizie bei "kwenye hiyo kompyuta yenu". Yetu na nani? Kompyuta niliyoijua mimi ilikuwa ofisini kwa mkuu wa shule, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na hakuna aliyethubutu kukifunua. Lakini nilikuwa mwalimu, na kijijini mwalimu hakosi jibu.

Kafe ya intaneti ilikuwa Uhindini. Shilingi 1,000 kwa saa, 500 kwa nusu saa. Nikalipia nusu. Kijana wa pale akanikaribisha vizuri, "Karibu mwalimu, tukusaidie nini?", nikamweleza, akavuta kiti, vidole vikakimbia, nikatoka na namba kwenye kikaratasi. Wiki mbili baadaye nikatumwa tena. Nikakaa mbele ya skrini ile ile na sikujua hata pa kuanzia. Nilikuwa nimelipia kumtazama mwenzangu akitumia intaneti.

Siku hiyo nikamwambia: "Mdogo wangu, leo mikono yako weka mfukoni. Nielekeze kwa mdomo tu."

Kama unaanza leo, au unamfundisha mzazi simu ya tachi, ushauri wangu mkubwa ndio huo. Mengine yote nimeyapata njiani.

Nusu saa karibu yote iliishia kwenye kipanya. Mshale ulikuwa unanitoroka, nikiufuata kulia umeshafika juu. Kubofya mara mbili kulinishinda kwa sababu nilikuwa napumzika katikati. Nilipofika Google nikaandika kama ninavyoandika barua kwa ofisa elimu: "Naomba kufahamishwa bei ya kahawa kwa sasa." Kijana akacheka hadi akaniambukiza. Akaniambia niache kuomba, nitaje vitu tu. Kwa Kiingereza, maana kwa Kiswahili kulikuwa na kurasa chache sana: kahawa, bei, New York, kwenye soko la kahawa la dunia. Ikaja.

Hapo sasa ndipo nilipofaidika kwa kushika mwenyewe. Zamu ya kwanza nilipewa namba kavu, arobaini na kitu, nikampelekea baba mdogo, akauliza arobaini na kitu nini? Sikuwa na jibu. Safari hii nilisoma ukurasa mwenyewe, taratibu kama mtoto wa darasa la pili, nikaona ni senti za Marekani kwa ratili. Ratili ni kama gramu 454, kwa hiyo kilo moja ni ratili mbili na kidogo. Nikapiga hesabu nyuma ya daftari: kilo ilikuwa haifikishi hata dola 1 na senti 10. Baba mdogo alikuwa ameapa kwamba wanunuzi wanamwibia yeye peke yake. Kumbe kahawa ilikuwa imeporomoka dunia nzima. Haikumfurahisha, lakini aliacha kugombana na karani wa mizani.

Kwa hiyo usiende "kujifunza intaneti". Nenda na shida yako. Mtu mwenye shida anasoma hadi mwisho wa ukurasa.

Uvumilivu nao ulikuwa sehemu ya somo. Kafe yetu ilipata mtandao kwa dishi juu ya bati. Ishara ilipanda hadi setilaiti, kilomita kama 36,000 juu ya ikweta, ikashuka nchi za watu, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Wingu zito likitanda, na Mbeya mawingu si ya kuazima, tunakaa tunatazamana. Mimi nilikuwa nabofya mara sita nikidhani haijasikia, kumbe naongeza foleni. Mkongo wa intaneti wa baharini ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009 mambo yakaanza kubadilika, ila tabia ya kubofya ovyo bado naiona kwa wazee wengi. Bofya mara moja. Subiri.

Barua pepe ndefu usiitungie humo humo kafe. Mwaka 2006, ule wa mgao wa umeme, maji ya bwawa la Mtera yalipopungua, nilimwandikia kaka yangu aliyekuwa masomoni Uingereza habari zote za msiba wa bibi, dakika arobaini, kwa kidole kimoja. Umeme ukakatika nikiwa kwenye "wasalaam". Tangu hapo nilikuwa naandika kwenye daftari kwanza, nikifika kafe nanakili tu. Na hela ilipungua pia.

La mwisho linaniuma kidogo. Nilizoea kuinuka bila kutoka kwenye akaunti, nikidhani ukiondoka kwenye kiti na barua zako zimeondoka. Mtu aliyekaa baada yangu akamwandikia kaka kwa jina langu, anaomba pauni hamsini za hospitali. Kaka alishtuka kwa kitu kimoja tu: barua ilimwita "brother", na mimi sijawahi kumwita hivyo maishani mwangu.

Leo mama yangu ana simu, na namba ya siri ya pesa zake anaijua mjukuu, muuza duka, na wakala wa pale kona. Kila mmoja "anamsaidia". Jumapili iliyopita nilimkalisha kibarazani, nikaweka mikono yangu chini ya mapaja, tukabadilisha namba ile. Alikosea mara mbili, akanisonya, akaniambia mbona mjukuu hufanya upesi. Mara ya tatu ikakubali. Akaniangalia, akageuza simu nisione.

"Sasa na wewe hujui," akasema.