Anti wa Jikoni anajibu: "Mama mkwe anasema nawalisha watoto plastiki"

SWALI: Shikamoo anti. Nakaa Kimara, kazini ni Posta, natoka home saa kumi na moja alfajiri narudi saa mbili usiku kama foleni imenihurumia. Watoto wangu wawili wanapikiwa na dada na jioni ni zile tambi za pakti karibu kila siku, zinaiva fasta afu wenyewe wanazililia. Sasa mama mkwe kaja kututembelea kakuta makaratasi yake kwenye ndoo ya taka, kasema nawalisha plastiki, eti zimepakwa nta na hazisagiki tumboni. Baba watoto kauchuna. Anti, kuchemsha maharage kila siku siwezi, mkaa wenyewe bei imepaa, nifanyeje? (Mama wawili)

JIBU: Marahaba mwanangu. Nta hamna. Zile tambi zinakaangwa kiwandani kwenye mafuta ya moto, maji yote yanatoka yanaacha vitundu vidogovidogo, ndo maana ukimwagia maji ya moto yanaingia humohumo na dakika mbili tatu zimelainika. Ujanja huo aliuleta Momofuku Ando kule Japani mwaka 1958 na wala hazikuwa chakula cha kubana matumizi, zilipotoka zilikuwa ghali kuliko tambi za kawaida. Huo mng'ao unaouona juu ya maji ni mafuta, mara nyingi ya mawese. Kwa hiyo kwenye plastiki mama kakosea (usiende kumwambia hivyo!) ila wasiwasi wake una msingi.

Geuza pakti nyuma utafute sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi. Kila miligramu 400 ni chumvi gramu 1, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku nzima, mtoto ndo chini ya hapo, sasa fanya hesabu mwenyewe. Chumvi nyingi imejificha kwenye kale kapakti ka viungo, mwambie dada atie nusu. Halafu ile ni ngano iliyokobolewa na mafuta, basi, kwa hiyo apasulie yai humo na atupie mchicha, watoto watakula tu.

Ila na mimi hii ya kumsema mama anayefanya kazi huwa inanikera. Vitu vya chapuchapu havijaanza na wewe, sembe nani anatwanga siku hizi? Huyo mama mkwe mwenyewe ananunua iliyofungwa. Nazi tunakuniwa sokoni kwa mashine au tunachukua tui la boksi, njegere zimeshamenywa, mchicha umeshakatwa, vitumbua vya asubuhi tunavifuata kwa jirani. Miaka yote tunanunua mikono ya watu. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba hivyo vyote vilikuwa vinaishia kwenye sufuria moja ya nyumba nzima, lakini pakti ni ya mtu mmoja, yaani watoto wanakula saa kumi na mbili macho kwenye TV, baba kashapitia chipsi kituoni, wewe saa tatu unakula ulichokikuta umesimama. Hapo ndo pamebadilika, kuliko hata chumvi.

Maharage loweka Jumamosi usiku, Jumapili chemsha kilo mbili kwa mpigo, yakipoa gawa kwenye makopo weka friza. Jioni dada anaunga tu kwa kitunguu na nyanya kwenye gesi, robo saa imeisha. Huna friza? Mitaani huko wapo kina mama wanauza yaliyochemshwa tayari, unapimiwa ya siku hiyo. Ukipata hela kidogo nunua presha kuka, maharage yaliyolowekwa yanaiva nusu saa hivi na mkaa unausahau. Tambi zibaki za Ijumaa. Na mama mkwe mkabidhi jiko wiki hii nzima, apike maharage yake ya nazi, dada akae pembeni aangalie anavyounga.

SWALI: Anti mambo, mi ni bachela Mwanza, kila usiku chipsi mayai na soda, kitambi kinakuja kwa kasi, niache vyote? (Kijana wa Nyakato)

JIBU: Poa. Anza na soda. Chupa ya mililita 350 ina sukari zaidi ya gramu 30, ni kama vijiko vinane vya chai, nani anaweka vinane kwenye kikombe? Chipsi ziwe mara moja moja, na ukiona mafuta ya kwenye karai yameshakuwa meusi hamia kwa muuzaji mwingine. Mchana kula wali maharage na mboga za majani kwa mama ntilie ushibe vizuri, usiku hutakuwa na njaa ya kuvamia karai. Afu we uko Mwanza kaka, sato wa kuchoma na ndizi vimekukosea nini?