Oili Inadondoka Chini ya Gari: Anza Kutafuta Juu

Gari ikilala uani na asubuhi ukakuta doa jeusi sakafuni, wa kwanza kumuuliza atakwambia ni oili sili ya krenki (mpira unaozuia oili mwishoni mwa mhimili mkuu wa injini), gia boksi ishushwe. Mara nyingi sivyo. Kwa hizi Toyota ndogo zilizojaa Unguja na Pemba, Vitz, IST na jamaa zake, oili huanza kuchuruzika juu kwenye tapeti kava, yaani kifuniko cha juu ya injini, ikashuka ubavuni mwa injini, upepo wa safari ukaisukuma nyuma, ikaja kudondokea pale pale injini inapokutana na gia boksi. Anayechungulia chini tu huona sili. Ndiyo maana kutafuta ni nusu ya kazi.

Hakikisha kwanza kuwa ni oili ya injini. Maji safi yanayodondoka baada ya kuwasha AC ni unyevu wa hewa, yaache. Maji ya rejeta yana rangi, kijani au waridi, na yanateleza kidogo kidoleni. Nyekundu yenye mafuta ni ya gia boksi ya otomatiki au ya pawa stelingi. Majimaji karibu na tairi yanaweza kuwa ya breki; hapo gari isitoke kabisa. Oili ya injini ni rangi ya asali ikiwa mpya, na huzidi weusi kadiri inavyotumika.

Injini ikiwa baridi, sugua kwa brashi na mafuta ya taa kidogo kila palipogandamana, kisha futa kwa maji ya sabuni na kanga kuukuu. Altaneta na koili (zile zinazopeleka umeme kwenye plagi) zifunike kwa nailoni. Pakikauka kabisa, nyunyiza poda ya mtoto kwenye mshono wa tapeti kava, kuzunguka filta na kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Endesha kiasi cha Mjini hadi Bububu na kurudi, au Chake hadi Wete, halafu chungulia kwa tochi ukianzia juu. Poda iliyolowa itakuonesha mstari, na mwanzo wa mstari ndio tundu. Usiku laza boksi bapa chini ya injini, ulitie alama upande wa mbele ili ujue tone limeangukia wapi.

Kabla hujanunua gasketi, mpira unaoziba mshono wa kava, angalia valvu ya kupumulia, ile ndogo yenye mpira unaokwenda kwenye manifoldi ya hewa, mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini. Ikiziba, mvuke wa ndani ya injini hukosa pa kutokea na husukuma oili kwenye kila mshono. Gasketi mpya utakayofunga leo itavuja mwezi ujao. Itoe, itikise: nzima hulia tik-tik. Ipulize upande wa injini, hewa ipite. Upande wa manifoldi, igome. Puliza tu, usivute kwa mdomo. Kama imeganda, badilisha. Ni katika spea za bei ndogo.

Tukija kwenye tapeti kava yenyewe, nenda dukani na kadi ya gari. IST ziko za 1300, za 1500 na za 1800, Vitz nazo zina injini za aina kadhaa, na kusema tu "gasketi ya Vitz" ni kujitafutia safari ya pili. Uliza pia kama mipira ya matundu ya plagi inauzwa mbali. Ukikuta oili imejaa kwenye tundu la plagi wakati wa kutoa koili, huo mpira ndio uliokufa, na ndio unaofanya gari itetemeke ikisimama.

Spana namba 10 itakufanyia karibu kazi yote. Chomoa kwanza waya wa hasi wa betri. Toa kava ya plastiki, soketi za koili, koili zenyewe (kila moja ina bolti moja), kisha mipira ya hewa. Soketi za Toyota zilizokaa na joto miaka kumi na tano huvunjika ulimi, kwa hiyo bonyeza ulimi kwa kidole hasa ndipo uvute, usivute waya. Bolti zipange juu ya boksi kwa sura ya kava, kwa sababu urefu wake haulingani zote. Kava ikigoma, igonge kwa ubavu wa kiganja au kipande cha ubao. Bisibisi usiipenyeze: alumini ikipata mkwaruzo, hapo ndipo patakapovuja tena.

Gasketi ya zamani utaijua, imekuwa ngumu na ukiikunja inakatika. Vipande vyake hubaki ndani ya mfereji wa kava, vitoe vyote kwa kijiti cha mti. Mfereji na uso wa injini uvifute hadi kitambaa kitoke kikavu, maana mpira mpya ukikaa juu ya oili huteleza na kujikunja wakati wa kukaza.

Na hapa ndipo silikoni inapoharibu watu. Gasketi ya mpira haitaki silikoni mzunguko mzima. Inayohitajika ni tone dogo, kama punje ya njegere, sehemu mbili tu: pale kava ya cheni (ile ya ubavuni) inapokutana na silinda hedi, kichwa cha injini kinachokaliwa na tapeti kava, kila upande moja, kwa sababu pana mwanya mdogo ambao mpira haujazi. Ile inayopakwa kama siagi ya mkate hufinywa ikaingia ndani, ikakatika vipande, vikashuka kwenye sampu na kukaa mdomoni mwa chujio la pampu. Injini ikikosa oili, ulitaka kuziba tone la shilingi, umepata gharama ya injini.

Rudisha bolti zote kwa vidole kwanza, kisha kaza kutoka katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, raundi mbili. Kipimo ni kama nyutoni mita 10. Huna spana ya kipimo? Kwa racheti ya sentimita 20, ni nguvu ya kuinua dumu la maji la lita 5, basi. Ukizidisha, mpira hubanwa ukapasuka, au bolti inakata uzi ndani ya alumini. Silikoni iache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kuwasha.

Kama poda imelowa chini badala ya juu, angalia bolti na filta. Bolti ya kumwagia oili, iliyo kwenye sampu, ni namba 14, na washa yake (ile pete bapa) hubadilishwa kila unapomwaga, kwani hubanwa mara moja tu. Nyutoni mita 38 hivi zinatosha: kwa spana hiyo hiyo ya sentimita 20, ni uzito wa ndoo ya lita 20. Wengi huongeza bomba na kuikanyaga kwa mguu, na uzi wa sampu ukifa, hakuna washa itakayosaidia. Filta nayo ipakwe oili mdomoni, ikazwe kwa mkono hadi iguse, halafu robo tatu ya mzunguko. Hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki juu ya injini. Mipira miwili ikipandana, oili hutoka kwa mkupuo, si kwa tone.

Sensa ya oili, ile inayowasha taa ya oili, ikiwa imelowa mpaka ndani ya soketi yake ya waya, inabadilishwa, haizibwi. Tepu nyeupe ya mafundi bomba usiizungushe hapo: sensa ya waya mmoja hupata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye injini, kupitia uzi wake.

Kuna uvujaji wa kwetu visiwani hasa: sampu ya bati kuliwa na chumvi. Gari inayolala karibu na pwani au kupita barabara za mawe hukwaruzwa rangi chini, kutu inashika, tundu la sindano linatoka. Gundi ya chuma itakusogeza siku chache, ikiwa oili imemwagwa na bati limesuguliwa hadi ling'ae. Baada ya hapo ni sampu nyingine. Kwa sababu hiyo hiyo, jeki isiguse sampu, na ukiingia chini gari ikae juu ya stendi, si matofali ya saruji; hayo hupasuka bila onyo.

Kuhamia oili nzito ya 20W-50 ili "ishike" hakuzibi kitu. Mpira uliokufa ni mfu kwa oili yoyote, na injini hizi zimetengenezwa kwa oili nyepesi, 5W-30 kwa nyingi. Kama poda imethibitisha kuwa juu ni pakavu na oili inatoka kati ya injini na gia boksi, sasa ndiyo ile sili ya krenki, ya nyuma, na hiyo ni ya gereji. Oili ikigusa bomba la moshi na kutoa moshi, au taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima injini hapo hapo.

Oili chafu irudishe kwenye dumu, uifunge, na uulize gereji iliyo karibu kama wanaipokea. Usiimwage uani. Chini yetu, sehemu nyingi, ni mawe ya matumbawe yenye matundu, na kinachomwagwa juu hakichukui muda kufika kwenye maji ya kisima.