Wasomaji Wanauliza: Bendi Ikipiga Katika Baa ya Mtaani

SWALI: Nilihamishiwa Dodoma kikazi kutoka Dar es Salaam na sasa ninaishi Ilazo. Jumamosi moja wenzangu wa ofisini walinipeleka kwenye baa ndogo huko Chang'ombe ya hapa Dodoma kusikiliza bendi ya watu watano inayopiga nyimbo za zamani za dansi. Kiingilio kilikuwa kinywaji chako. Spika zilikuwa zikikwaruza, mwimbaji alisahau ubeti mzima, na hata hivyo niliondoka nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata katika matamasha ya uwanjani. Mume wangu anasema ulikuwa uchangamfu wa mwisho wa wiki tu, kwa sababu nyimbo zote hizo ninazo kwenye simu, tena zimepigwa na wenyewe. Je, kuna kitu nilichokisikia pale ambacho simu haina?
Mtumishi wa umma, Ilazo

JIBU: Dada yangu, mumeo ana hoja moja ambayo hatupaswi kuipuuza. Nyimbo nyingi za dansi zinazozunguka kwenye simu leo zilirekodiwa katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, zikipigwa na bendi zilizokuwa na watu wengi na muda mwingi wa mazoezi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 na baadaye ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma, au Mlimani Park iliyozaliwa mwaka 1978, zilikuwa na safu ya tarumbeta na saksafoni, magitaa kadhaa na waimbaji wa kupokezana. Vijana watano wa Chang'ombe hawawezi kuzishinda bendi hizo kwa ubora wa upigaji, na sidhani kama wanajaribu.

Wanachofanya ni kitu kingine, na huanza na uchache wao. Watu watano wakiupiga wimbo uliotungwa kwa ajili ya watu kumi na watano, lazima waamue kipi kibaki na kipi kiachwe. Utakapokwenda tena, chagua wimbo unaoufahamu vizuri na usubiri mahali ambapo tarumbeta zingeingia. Huenda mpiga kinanda akaziba pengo hilo, huenda gitaa la solo likaibeba sauti ya tarumbeta kwa nyuzi zake, na huenda wasiweke chochote, wakaacha besi na dramu peke yake kwa muda, jambo ambalo mimi hulipenda kuliko yote. Simu hukupa wimbo uliokwisha kuamuliwa, ilhali pale baa uamuzi hufanyika mbele ya macho yako.

Jambo la pili ni urefu wa wimbo. Wimbo wa dansi kwa kawaida una sehemu mbili: ya kwanza ni ya taratibu, inayobeba kisa na mashairi, na ya pili ni chemko, ambapo magitaa yanafunguka na watu wanaingia uwanjani. Katika enzi ya santuri ndogo, upande mmoja ulibeba dakika chache tu, hivyo wimbo mrefu ulilazimika kukatwa vipande viwili, kimoja kila upande. Redio nayo ilikuwa na ratiba yake. Katika baa hakuna anayemkatiza mpiga solo isipokuwa wachezaji. Mwangalie macho yake wakati wa chemko: mara nyingi haangalii nyuzi, anaangalia miguu ya watu. Akiona wazee wawili wamelikolea pigo fulani, atalirudia pigo hilo mara nyingine tena, mpiga dramu atalisisitiza, na mpiga besi atatulia hapo hapo mpaka wazee wachoke. Yule anayecheza anaurefusha wimbo bila kusema neno, na ukiwa umekaa meza ya tatu kutoka jukwaani unaona jinsi anavyourefusha. Katika uwanja wa mpira msanii hawezi kuiona miguu ya mtu yeyote.

Ndiyo maana nina msimamo mkali kidogo kuhusu baa zinazotangaza bendi ya laivu, kisha ukifika unamkuta mtu mmoja na kinanda chenye midundo iliyokwisha kuandaliwa. Anaweza kuwa mwimbaji mzuri, na wamiliki wanampenda kwa sababu analipwa mtu mmoja, lakini mdundo ule hauoni miguu ya mtu.

Kuhusu ubeti uliosahauliwa, ningependa kujua wenzake walifanya nini. Bendi iliyozoeana huingiza kiitikio mapema, au mpiga solo huziba nafasi hiyo kwa kipande chake, na wengi ukumbini hawatambui. Ikiwa wewe ulitambua, basi ulikuwa ukisikiliza kwa makini kuliko ulivyosikiliza simu yako miaka yote, na nadhani sehemu ya jibu la kumpa mumeo imo humo.

Kukwaruza kwa spika ni suala la kawaida zaidi. Baa zetu nyingi zina kuta za matofali na paa la bati, na sauti ikigonga hapo hurudi ikiwa kali. Watu wakijaa mambo hubadilika, kwa kuwa miili na nguo hunyonya sauti, hasa ile nyembamba inayoumiza masikio. Kwa hiyo bendi inayosikika vibaya saa mbili usiku inaweza kusikika vizuri saa nne bila mtu kugusa mtambo. Kwenye baa za uani tatizo ni kinyume chake. Hakuna ukuta wa kurudisha sauti, na upepo wa Dodoma huipeperusha, ukaisikia besi tu huku maneno yakipotea. Isitoshe mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi hushuka haraka. Nyuzi za chuma zikipoa hukaza na sauti yake hupanda, kwa hiyo ukiona mpiga gitaa ameinama akizungusha vishikizo baada ya kila wimbo, usimwone mzembe. Anapambana na hali ya hewa.

Kaa karibu na fundi mitambo, wala si karibu na spika, kwa sababu yeye hupanga sauti kwa kusikia kutoka pale alipo. Fika mapema. Ukitaka kumtunza mwimbaji, ngoja chemko, nenda jukwaani ukicheza, umwekee noti mkononi au kwenye paji la uso kama desturi ilivyo, kisha uondoke. Kusimama pale ukisubiri ajue umetoa kiasi gani si ustaarabu. Wimbo unaoutaka mpelekee kiongozi wa bendi wakati wa mapumziko, wala si katikati ya ubeti. Na kumbuka kuwa kiingilio kikiwa kinywaji, bendi hulipwa na mwenye baa kutokana na mauzo, kwa hiyo anayekaa na soda moja tangu jioni hadi usiku wa manane hajavunja sheria yoyote, lakini wapigaji wanamjua.

SWALI: Mimi ni Mgogo wa Chamwino na ninapiga ilimba, ala yetu ya kisanduku chenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Mwenye baa mmoja mjini amenialika nipige pamoja na bendi yake. Tulipofanya mazoezi, ilimba haikusikika kabisa, na pale iliposikika ilionekana kama inagombana na kinanda. Mpiga kinanda anasema chombo changu hakijalinganishwa. Nifanye nini?
Mpiga ilimba, Chamwino

JIBU: Ndugu yangu, usikubali kuambiwa kuwa chombo chako hakijalinganishwa. Wagogo huilinganisha ilimba kwa kufuata sauti za asili zinazozaliwa ndani ya uzi mmoja unapopigwa, na ndizo zinazosikika pia katika uimbaji wenu wa sauti nyingi. Mojawapo ya sauti hizo, ya saba katika mfuatano wake, iko chini ya sauti ya kitufe cha kinanda kilicho jirani nayo kwa karibu theluthi moja ya nusu toni, yaani ya umbali kati ya kitufe kimoja na kinachofuata. Kinanda kimepangwa kwa hesabu nyingine kabisa, na hakiwezi kuifikia sauti hiyo kwa vitufe vyake vya kawaida. Vyombo vyote viwili vimelinganishwa, ila kila kimoja kwa kanuni yake.

Ningekushauri umwombe mpiga kinanda apumzike katika nyimbo zako. Besi ibaki kwenye sauti ya msingi (do) na ile ya tano katika ngazi ya muziki (sol), kwa maana hizo mbili zinaafikiana na ilimba bila shida, na gitaa lipige mdundo mfupi wa kukatakata badala ya kushikilia sauti ndefu. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo mwenzako aliyefundisha Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, alizunguka dunia na ilimba na zeze, na alirekodi kwa ajili ya kampuni ya Real World ya Uingereza. Muziki huo haukuhitaji kurekebishwa ili wageni wauelewe.

Suala la kusikika ni gumu zaidi. Ilimba ina utando mwembamba wa buibui kwenye tundu lake, ambao huupa mlio ule wa kuvuma, na mvumo huo ndio wa kwanza kumezwa na dramu. Maiki ikiwekwa mbali na kisanduku italazimika kufunguliwa sana na itaanza kupiga mluzi. Iweke karibu kabisa na tundu, spika inayokuelekea wewe ipunguzwe, na umwombe mpiga dramu atumie mikono badala ya fimbo. Kama baa ni ndogo kweli, jaribu wimbo mmoja bila umeme wowote. Nimewahi kuona watu wakisogeza viti mbele ili wasikie, na mhudumu akasubiri wimbo uishe ndipo akaokota chupa.

Niongeze jambo ambalo hukuuliza. Ugogoni wanawake ndio wapigaji wa ngoma za muheme, wakizibana kati ya mapaja na kuzipiga kwa nguvu ambayo wapiga dramu wengi wa mjini hawana. Sielewi kwa nini katika baa za mji huo huo mwanamke jukwaani anapewa maiki tu. Ukipata nafasi ya kuchagua wenzako, tafuta mmoja wao.

SWALI: Nyinyi mnasifu bendi za baa, lakini mimi nimepanga chumba nyuma ya baa moja Nkuhungu. Sisikii wimbo, nasikia besi tu mpaka kitanda kinatetemeka, na nina mtoto mchanga. Je, sisi majirani tuna haki gani?
Mama wa mtoto mchanga, Nkuhungu

JIBU: Mama, pole sana. Unasikia besi peke yake kwa sababu mawimbi yake ni marefu, mita kadhaa kila moja, hivyo ukuta wa tofali unaozuia sauti ya mwimbaji hauyazuii. Unayo haki: kuna Kanuni za mwaka 2015 za udhibiti wa kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, imekwisha kuzifungia baa kwa kosa hilo. Anza na mwenyekiti wa mtaa, kwa kuwa malalamiko yanayopitia kwake huandikwa na yana mashahidi. Yakishindikana, nenda kwa ofisa mazingira wa Jiji, kisha NEMC.

Kabla ya hapo, hata hivyo, mwombeni mwenye baa ahamishe jukwaa. Spika kubwa za besi zikiwekwa kwenye kona ya ukuta, kona huongeza nguvu yake, na zikikaa sakafuni mtetemo hupita kwenye zege hadi kwako. Zikitolewa kwenye kona, zikainuliwa juu ya matairi ya zamani na kuwekwa mbali na ukuta unaopakana na chumba chako, besi itapungua upande wako, na wateja wake watayasikia maneno ya nyimbo vizuri zaidi. Mwambie hivyo hivyo, tena mwambie mchana, bendi ikiwa haijafika.